Hicho kijitabu cha maelekezo kifungieni kabatini

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu karibu kila Jumapili na ule ukurasa wa wazazi huwa siuruki, ila hii ya kuwaambia watu eti mnunulie mtoto toi za kuunganisha atakuwa injinia imenikaa vibaya kidogo. Sio kwamba ni uongo. Shida mmeishia dukani. Mzazi ananunua boksi, mtoto anafuata kijitabu picha kwa picha, kabla ya magharibi kitu kimesimama, kinapigwa picha kinarushwa statasi, halafu kinapandishwa juu ya kabati la vyombo na atakayekigusa ni kesi. Hapo mtoto kajifunza kufuata picha, sio kitu kibaya, lakini uinjinia bado haujaanza.

Hobi yangu mimi ni rola kosta za mezani. Zile treni za kwenye viwanja vya burudani vya Ulaya na Marekani zinazovutwa juu halafu zinaachiwa zishuke zenyewe na nyingine zinapinduka watu kichwa chini, basi hizo hizo lakini ndogo, kwa vipande vya toi. Ni mtu mzima nina familia, na ndiyo, mke wangu ana maoni yake. Vipande vingi naokota kwenye mafungu ya toi za mtumba pale soko la Karume, vimechanganyika vya kampuni za K'NEX na Lego na vingine hata havijulikani vya nani, kijitabu hakuna, na ndiyo raha yenyewe kwa sababu lazima ukae chini ufikirie.

Chukua K'NEX tu. Mmarekani Joel Glickman alikuwa harusini, kaboreka, akaanza kuchezea mirija ya soda na kujiuliza ikiunganishwa itakuwaje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazo likaingia sokoni kama fito za plastiki na viungio vyake. Fito zina rangi kufuatana na urefu: kijani, nyeupe, bluu, njano, nyekundu, kijivu. Sasa tengeneza mraba wa fito nyeupe, halafu tafuta fito ya kukatisha kutoka kona hadi kona. Ni ya bluu, inaingia chap bila kulazimisha. Mraba wa bluu unakatishwa na ya njano, wa njano na nyekundu, inaenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni Pythagoras yule yule wa pembetatu za sekondari aliyetutesa, hapa yuko mkononi na ukimpuuza nguzo yako inayumba, maana mraba usio na mkato wa kona unalala upande treni ikipita tu. Kwenye kijitabu hiyo mikato ishachorwa, mtoto anaichomeka bila kujua iko pale kwa sababu gani.

Halafu kuna duara, lile la treni kupinduka. Kila mtu anataka duara, hata watoto wa jirani wakija kitu cha kwanza ni anko duara liko wapi. Hesabu yake ni kwamba ukisahau msuguano kabisa, treni lazima ianzie urefu wa mara mbili na nusu ya nusukipenyo cha duara, ukipima kutoka chini ya duara. Nusukipenyo sentimita 20, anza sentimita 50. Lakini msuguano haukusahau wewe, kwa hiyo mezani unapanda juu zaidi, na hapo ndipo unaanza kuhangaika na tairi, vumbi, viungo vya reli, maana kiungo chenye kiukingo cha unene wa kucha kinakula mwendo kuliko unavyodhani. Na usichore duara la mviringo kamili. Coney Island kule New York walifanya hivyo 1895, rola kosta inaitwa Flip Flap, abiria wakashuka wanalalamika shingo, kwa sababu treni inafika chini ikiwa na kasi kubwa halafu inakutana na mkunjo mkali ghafla. Mjerumani Werner Stengel ndiye aliyehusika na ile rola kosta ya Revolution ya California ya 1976, yenye mkunjo mpana kule chini kwenye kasi, unabana juu ambako treni imeshachoka. Ukibana na kupanua reli yako mezani utaona tofauti kwa macho, treni inaacha kushtuka pale inapoingia.

Tairi nazo ni somo zima, sitamaliza leo. Treni ina tairi za juu ya reli, za pembeni na za chini, hizi za chini John Miller wa Marekani alizipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1919, na bila hizo treni ikifika kileleni kwa kasi inaruka inakuacha. Na ile sauti ya tiki-tiki-tiki wakati mnyororo unavuta treni sio mbwembwe, ni kidole cha chuma kinachodondokea kwenye meno ili treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika, kazi ile ile ya friwili ya baiskeli.

Kwa wenye hela, Lego walitoa boksi la rola kosta 2018 lenye vipande 4,124 na lingine 2022 lenye maduara mawili, vipande 3,756, na mjue mapema kuwa mota iliuzwa pembeni, ukinunua boksi peke yake mtoto atazungusha kwa mkono. Ni mazuri kweli sibishi. Ila mimi ningemwacha mtoto ajenge la kijitabu mara moja, halafu libomolewe, na vipande vile vile atoe kitu ambacho hakimo kwenye picha hata kama treni inaishia katikati ya mlima. Wazazi wengi kubomoa ndiyo hawataki, wanaona hela yao inavunjwa, wakati hela iko kwenye vipande na vipande vyote bado vipo. Na tafadhali gundi isitumike, nimeona vitu vimegundishwa hapo Karume nikaumia roho.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ule ukurasa wa watoto wenye fumbo la maneno punguzeni kidogo muweke swali hili: duara lina nusukipenyo cha sentimita 15, treni ianzie urefu gani? Wakishaleta 37.5, waambieni wajenge na chochote walichonacho, hata mpira wa maji uliopasuliwa katikati na gololi, halafu wawaandikie gololi yao ilitaka sentimita ngapi.

Mdau wa Tabata,
Dar es Salaam