"Sicut cervus" si wimbo wa matanga

Mhariri,

Kila Kwaresima, kwaya kadhaa hapa Nairobi hurudia mazoezi ya "Sicut cervus" ya Palestrina, yule mtunzi Mwitaliano aliyefariki Roma mwaka 1594. Maneno yake ya Kilatini ni ya Zaburi ya 42, ya ayala mwenye kiu ya maji, na mahali pake ni mkesha wa Pasaka, watu wakielekea penye maji ya ubatizo. Ni wimbo wa shauku. Mbona basi tunauburuta kama tunasindikiza jeneza? Sehemu ya kwanza huchukua takriban dakika 3; ikifika 5, kuna kasoro.

Tuanze na kinanda. Mpigaji akizifuata sauti zote nne, waimbaji humngoja yeye, naye anawangoja wao. Kitoe noti ya kuanzia, kisha kizimwe.

Kubwa zaidi ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu huhamishia tabia hiyo kwenye Kilatini. "Fontes" na "aquarum" hazina shida, zinafuata mkondo wetu. Lakini "desiderat" hukazwa kwenye "si", na "anima" kwenye "a" ya kwanza. Kwaya ikiimba "deside-e-rat", mstari mzima huvimba mahali pasipofaa. Kabla ya kugusa do-re-mi, waimbaji wasome maneno kwa sauti dakika tano, mwalimu akigonga meza. ("Cervus" ni "chervus", ch ya chai. Hapo tunawashinda wengi.)

Halafu kuna vile vistari vya kugawa mapigo kwenye fotokopi zetu. Enzi za Palestrina kila sauti ilikuwa na kitabu chake, bila vistari hivyo. Anayekaza kila pigo la kwanza huukatakata wimbo kama muwa.

Waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) huanza peke yao, wakafuata alto (sauti ya chini ya wanawake), kisha soprano (ya juu ya wanawake), na besi (ya chini ya wanaume) mwisho. Kosa la kawaida ni watu wa tena kuendelea kupaza hata wenzao wanapoingia. Anayesema "Sicut" kwa mara ya kwanza ndiye asikike. Aliyekwisha kuisema apunguze. Besi nao wasitegemee kuhesabu vidole tu, wasikilize soprano.

Pana mahali sauti moja inashikilia noti yake huku nyingine zikisogea. Inagongana nazo, kisha inashuka hatua moja. Waimbaji wengi huuogopa mgongano huo: hushuka mapema, au huvuta pumzi papo hapo. Utamu wote uko pale! Noti iegemewe, ikue kidogo, ilegezwe inaposhuka. Ndiyo maana kila sauti inataka watu watatu angalau, wapokezane pumzi katikati ya vokali ndefu, wasipumue wote mwishoni mwa mstari.

Kuhusu kwaya nzima kuteleza chini ya noti iliyoanzia, chanzo huwa "mi" ya do-re-mi iliyoimbwa chini kidogo ya mahali pake, pamoja na ngazi za kuteremka zinazoimbwa kivivu. Wafanyeni watu wa tena na wa besi waimbe peke yao kwa silabi "nu", polepole, kisha mpime noti ya mwisho kwa kinanda. Ikilingana, toeni na sehemu ya pili, "Sitivit anima mea", ambayo kwaya nyingi huiacha kabatini.

Mpenzi wa kwaya,
Nairobi