Masanduku yamefika, Lali

Nairobi
Jumapili, baada ya magharibi

Kwako sahibu yangu Lali,

Assalaam aleikum. Masanduku yamefika. Kijana wa basi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, akaniambia mzigo wa Lamu uko lakini "misumari imechomoza, umechana mizigo ya watu". Nikajua ni uongo, maana tangu tujuane sijaona msumari wako ukichungulia. Alikuwa anatafuta ya chai, nami nimempa. Yote sita ni mazima, ila moja limepasuka mfuniko pembeni na tumelitia gundi.

Sasa hebu niambie, nani alikutuma utie nakshi? Nilikuomba sanduku la mbao nyepesi, matundu mawili mbele na moja la kamera, basi. Wewe umechonga ua zima kuzunguka tundu la kamera, utadhani ni mlango wa nyumba ya Mkomani. Wanafunzi wangu wanaligombania hilo lenye ua mpaka nimelazimika kubandika zamu ukutani.

Uliniuliza kwenye simu yanafanya kazi gani, nikakujibu mbio mbio kwa kuwa nilikuwa naingia thieta. Leo nina nafasi: ni ya wanafunzi wangu kufanyia mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ule wa kupitisha vifaa na kamera kwenye vitundu badala ya kupasua tumbo lote.

Ndani ya sanduku naweka kibao chenye vijiti kumi na viwili, sita kushoto na sita kulia. Vijiti vya upande mmoja navivisha pete ndogo za mpira nilizokata kwenye ndala kuukuu. Mwanafunzi anasimama nje, anaingiza makoleo mawili membamba ya futi moja na kidogo. Ndani hakuoni ila kwenye televisheni, kwa kamera ya simu ya zamani. Anatakiwa achomoe pete kwa mkono wa kushoto, aipokeze koleo la kulia hewani, aivike kijiti cha upande wa pili. Zote sita, kisha azirudishe zilikotoka. Mkono uliokomaa unamaliza kwa sekunde 48. Marekani siku hizi daktari wa upasuaji wa jumla hapati cheti bila kufaulu mtihani wa namna hii. Kijana wangu mmoja, mrefu, anajiamini kweli kweli, siku ya kwanza alichukua dakika sita, na pete mbili zikapotelea pembeni. Jasho lilimtoka kama mtu anayeshusha saruji jahazini.

Tatizo lao wewe ungelijua upesi. Koleo limepita kwenye tundu, na tundu ndilo egemeo. Ukipeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto. Ukiinua, inashuka. Ni kana ya mashua, ule mpini wa usukani, Lali! Unakumbuka siku marehemu baba yako aliponiachia kana pale mkondo wa Mkanda, nikaisukuma upande niliotaka kwenda, tukaparamia mikoko? Hakunigombeza. Alisema neno moja, "Kinyume," akaendelea kutafuna tambuu. Na mimi ndilo neno ninalolisema kutwa thieta, hata wauguzi wananiita Daktari Kinyume nikiwapa mgongo.

Haya, sasa ya dada yako Mwanaesha.

Umeniandikia kwamba ana kilo 96 na urefu wa mita 1.58, ana kisukari na presha, na anataka "ule mkanda" wa kufungwa tumboni ili apungue, aliowekewa binamu yenu wa Muscat. Halafu ukaongeza kwa kalamu ya pembeni: kwa nini asile kidogo tu? Nitaanza na mkanda, kwa sababu huo ndio ulionitia mimi katika kazi hii.

Aliyekuwa wa kwanza kuweka mkanda wa kukazwa na kulegezwa kwa njia ya matundu madogo ni Mitiku Belachew. Ni mzaliwa wa Ethiopia, utotoni alichunga mifugo, akaja kuwa daktari wa upasuaji Ubelgiji. Alifanya hivyo mwaka 1993 katika mji mdogo wa Huy, kisha madaktari wa nchi nyingi wakaenda kujifunza kwake. Niliposoma habari zake nilikuwa daktari mchanga, nimechoka, mshahara umechelewa. Mchunga mifugo wa Kiafrika anafundisha Wazungu kufunga tumbo! Nilikata ile picha yake nikaitia kwenye pochi.

Mkanda wenyewe ni wa silikoni, unazunguka sehemu ya juu ya tumbo la chakula, na chini ya ngozi kuna kidude cha kudungwa sindano ya maji ili ubane au ulegee. Nimeweka mingi. Na mingi nimeiondoa mwenyewe, mingine imeteleza, mingine imelila tumbo ikaingia ndani, na wengine hawakupungua cha maana. Siku hizi wanaouweka ni wachache. Mwambie Mwanaesha kwamba binamu yake aushukuru mkanda wake kama unamfaa, lakini yeye hapewi.

Kinachofanywa zaidi duniani sasa ni kukata tumbo la chakula likabaki jembamba kama mkono wa kanzu ya mtoto. Robo tatu na ushei inatolewa kabisa. Hii nayo ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Ilikuwa hatua ya kwanza tu ya upasuaji mrefu wa daktari Michel Gagner na wenzake, kwa watu wanene mno wasioweza kuvumilia nusu kaputi ya saa nyingi. Walikusudia wawarudishe baadaye kwa hatua ya pili. Wengi wakapungua vya kutosha, hawakurudi. Ni kama ile nguzo ya muda uliyoiweka kwa mama yako barazani, ambayo leo ndiyo inayobeba dari.

Mwenye kisukari kama dada yako mara nyingi tunampendekezea njia ya zamani zaidi, aliyoianzisha daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda wanakonda. Linaachwa fuko la ukubwa wa yai la kuku, kisha utumbo mwembamba unapandishwa na kuungwa nalo, chakula kinapita njia ya mkato. Wittgrove na Clark wa San Diego waliifanya kwa matundu madogo mwaka 1993, mwaka ule ule wa Belachew. Na kisukari kinatulia, mara nyingine siku chache tu baada ya upasuaji, mgonjwa hajapungua hata kilo tano. Nilipoona mara ya kwanza niliamuru maabara wapime tena. Wakapima tena, wakanikasirikia.

Basi hiyo ya "asile kidogo tu", ndugu yangu, iache. Sehemu ile ya juu ya tumbo inatengeneza homoni ya njaa, grelini, Wajapani waliigundua mwaka 1999. Mtu mnene akijinyima, mwili wake unaizidisha, unampigia kelele usiku na mchana ale. Wewe umeshindwa kuacha sigara miaka thelathini, na sigara si lazima uionje mara tatu kwa siku.

Hesabu yake nimeipiga: uzito ugawanywe kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, inatoka 38 na nusu. Tangu mwaka 2022 vyama vya madaktari wa kazi hii vinasema kuanzia 35 upasuaji unapendekezwa, hata kama mtu hana maradhi mengine. Anafaa. Lakini ajue atameza vitamini maisha yake yote, na zile dawa za maungo anazonunua dukani kama peremende aziage. Na ajue maneno ya watu. Mwalimu mmoja niliyempasua alipungua kilo hamsini, mtaani wakasema ameanza dawa za ukimwi, mawifi wakaacha kula kwake. Alinijia kuomba barua ya kuwaonyesha. Nimeandika vyeti vingi, cha kuthibitisha kwamba mtu ni mzima ndicho kilichonipa tabu zaidi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakuambia miaka yote hii.

Mgonjwa wangu wa kumi na mbili wa kukatwa tumbo alikuwa dereva wa basi. Hospitali yenyewe siitaji. Mkubwa wangu alikuwa safarini, nami nilikuwa na kiburi. Siku ya tatu mapigo yake ya moyo yalipanda hadi 124. Homa hana, tumbo laini, anacheka na muuguzi. Nikasema ni maumivu tu, nikaenda nyumbani. Usiku muuguzi akanipigia, nikamwambia ampe dawa. Akanipigia tena. Mara ya pili hakusema "daktari naomba", alisema "njoo". Nilikwenda. Mshono ulikuwa umeachia juu kabisa, karibu na umio, maji ya tumbo yanavuja ndani. Alilala siku hamsini na moja na mirija ubavuni. Alipona, alhamdulillahi, akarudi kwenye usukani. Mkubwa mmoja wa pale alinishauri nisiandike marefu kwenye faili. Niliandika marefu.

Upasuaji ule ulikuwa umerekodiwa. Niliutazama peke yangu, mara nyingi, mpaka nikapaona: dakika mbili, navuta tumbo kwa pupa, stepla, kile chombo cha kukata na kushona, imekaribia umio kupita kiasi. Yeyote angeona, ila mimi siku ile sikuona. Dakika mbili hizo ndizo ninazowaonyesha wanafunzi wapya siku ya kwanza, kabla hawajagusa sanduku, na jina langu linasomeka kwenye skrini.

Baadaye, mwaka 2013, John Birkmeyer na wenzake wa Michigan walitoa utafiti ulioninyima usingizi kidogo. Waliwaomba madaktari ishirini wa upasuaji wa kupunguza uzito kila mmoja alete video moja ya kazi yake. Wenzao wakazitazama bila kujua ni za nani, wakatoa maksi za ustadi wa mkono. Wagonjwa wa madaktari wa robo ya chini walipata matatizo kwa asilimia 14.5, wa robo ya juu 5.2. Na vifo vile vile, chini vilikuwa vingi zaidi. Nyinyi mafundi mlishalijua hilo, mtu anapitisha kiganja kwenye ubao anajua randa ilishikwa na nani. Sisi tulikuwa tunatazama vyeti.

Mwaka jana nikaamua tufanye hivyo hapa. Watu sita, video sita, majina yamefunikwa. Nilijua nitakuwa wa kwanza, nisikufiche. Nilikuwa wa pili. Wa kwanza ni binti mmoja wa Kisumu niliyemfundisha mwenyewe, yule aliyeharibu sanduku langu la kwanza la plastiki kwa kufanyia mazoezi mpaka matundu yakapanuka. Mkono wake hauna haraka wala haurudi nyuma. Kila hatua inaitayarisha ile inayofuata, kama mtu anayepiga kalafati bao la chini huku jicho liko bao la juu. Nilifurahi. Na kijicho kilikuwepo, Lali, kuanzia chakula cha mchana hadi alasiri hivi. Nilimtuma kuleta faili ambazo sikuzihitaji.

Kwa hiyo Mwanaesha atapasuliwa na binti huyo. Ulinisisitiza "mkono wako, sahibu, si wa mtu mwingine", na nimeuheshimu udugu wako kwa kukukatalia. Nitakuwa ndani nimeshika kamera. Shingo yangu nayo imekwisha kwa miaka ya kutazama skrini nimejipinda. Kuanzia Januari siongozi upasuaji tena, nitafundisha tu.

Ndiyo sababu nataka masanduku mengine ishirini. Kigali wamefungua kituo kikubwa cha IRCAD, cha kufundishia upasuaji wa namna hii, Oktoba 2023, tawi la kile alichoanzisha daktari Jacques Marescaux kule Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994, mambo ya fahari, na vijana wakipata nafasi waende. Lakini kijana wa hospitali ya kaunti anayeamka saa kumi na moja kwa zamu anahitaji kitu cha kuweka mezani jikoni kwake.

Vipimo nabadilisha kidogo. Matundu mawili ya mbele umeyakaribisha mno, makoleo yanagongana kama panga. Yaachanishe sentimita 18, la kamera likae katikati, juu kidogo. Mfuniko uwe wa bawaba. Tundu usilipige msasa likawa laini sana, nataka mwanafunzi akilazimisha alisikie linagoma. Nusu ya pesa nakutumia kesho kwa M-Pesa.

Nakshi tia kwenye moja tu. Au basi, tia kwenye yote, ila usinitoze.

Msalimie Mama Khadija na watoto. Mwanaesha aje wiki ya kwanza ya mwezi ujao na karatasi zake zote za kisukari, hata zile alizofungia sukari. Hii sigara yako tutaizungumza ukimleta.

Nduguyo,
Athumani