Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga wanaosomea mafuta na gesi

Wajukuu zangu, hamjambo?

Juzi msibani mlikaa chini ya mwembe mkibishana ni taifa gani kubwa litatawala mafuta na gesi, nami nilikuwa mkekani hatua chache tu. Mmoja wenu na Mrusi, mwingine na Mmarekani, wa tatu anaapa kwamba Mchina atawameza wote wawili. Mlikuwa kama Simba na Yanga. Sikutaka kuwakatiza mbele ya wafiwa, ila neno lilinikaa kooni.

Nilifika Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, mwaka 1974, enzi hizo ikiwa ndani ya Muungano wa Sovieti, nami kijana wa umri wenu, katika chuo cha mafuta alikohitimu José Eduardo dos Santos mwaka 1969, miaka mingi kabla hajawa rais wa Angola. Mji ule ulinuka mafuta. Pampu zilikuwa uani kwa watu, zinainama na kuinuka kama mtu anayetwanga, usiku na mchana. Jirani na bweni letu mama mmoja alikuwa amefunga kamba yake ya nguo kwenye uzio wa kisima. Upepo wa bahari ukivuma, shuka zinapata vitone vyeusi, naye anaziteremsha na kuzifua upya. Mji huo mwanzoni mwa karne ya 20 ulitoa karibu nusu ya mafuta ya dunia. Hitler aliutamani mwaka 1942 hata akapeleka majeshi Caucasus. Na yule mama alikuwa bado anafua kwa mkono.

Siku moja mwalimu wetu alitundika ramani. Akapitisha kidole juu ya mabomba na reli, moja baada ya nyingine, akatuuliza mafuta yanatokea wapi na nani ameshika ufunguo. Kisha akaikunja ramani. Enzi zile mambo mengine hayakusemwa, lakini tulielewa. Njia zote zilikuwa ndani ya dola moja, na ufunguo ulikuwa Moscow.

Dola ile ilipovunjika mwaka 1991, Azerbaijan, Kazakhstan na Turkmenistan zilijikuta na utajiri chini ya ardhi bila bandari ya kwenda bahari kuu, maana Kaspi ni bahari iliyozingirwa na nchi kavu. Tarehe 20 Septemba 1994 Heydar Aliyev, rais wa Azerbaijan, alisaini mkataba wa mafuta na makampuni ya nje, BP ya Uingereza ikiwemo. Tazameni busara ya mzee yule: hakumfungia Mrusi mlango, Lukoil, kampuni ya Urusi, nayo ikapewa asilimia 10. Ukaja ugomvi wa njia. Mrusi alitaka mafuta yapite kwake. Njia ya Iran ilikuwa fupi, Marekani ikaikataa. Armenia haikuwezekana kwa sababu ya vita vyake na Azerbaijan vya kugombea Karabakh. Ndipo bomba likapitia Georgia na Uturuki hadi Ceyhan, bandari ya Uturuki, kilomita 1,768, na meli ya kwanza ikapakia Juni 2006. Wahandisi walichora, lakini kalamu ilishikwa na wanasiasa. Wakati huo Baku ilikuwa tayari na bomba moja la kwenda Novorossiysk, bandari ya Urusi, na jingine la kwenda Supsa, bandari ya Georgia. Agosti 2008, vita vya Urusi na Georgia vilipozuka, bomba kubwa la Ceyhan lilikuwa limeshazimwa kwa moto uliotokea upande wa Uturuki, na la Supsa likafungwa kwa tahadhari. Mwenye milango mitatu alibaki na mmoja, lakini alibaki nao.

Kazakhstan haikuwa na nafasi hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta inayouza nje hupita katika bomba la kilomita 1,511 kutoka visima vya Tengiz hadi ileile Novorossiysk ya Urusi. Julai 2022 Rais Tokayev alizungumza na viongozi wa Ulaya, akaahidi kuwasaidia kwa nishati. Siku hizohizo mahakama ya Novorossiysk ikaamuru bomba lisimamishwe siku 30, sababu ikatajwa kuwa ni kasoro katika nyaraka za kudhibiti umwagikaji wa mafuta. Baadaye adhabu ikageuzwa faini ya ruble 200,000. Faini ndogo mno kwa bomba la namna ile, ila ujumbe ulifika. Chevron ya Marekani ina hisa katika bomba hilo, na hazikulizuia agizo lile.

Turkmenistan nayo ilikimbia mteja mmoja ikaangukia kwa mwingine. Bomba la gesi la kwenda China lilifunguliwa Desemba 2009, na Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ilipoacha kununua Januari 2016, Mchina akawa ndiye mpanga bei.

Mnaona mbali? Si mbali. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru Rhodesia (sasa Zimbabwe) mwaka 1965, Zambia ilikatiwa mafuta kwa sababu mlango wake ulikuwa kule. Kaka yangu alikuwa utingo kwenye malori yaliyobeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, akirudi na vumbi hadi kwenye kope. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, likamaliza adha ile.

Safari hii wenye mlango ni sisi. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga ni kilomita 1,443. Mfaransa ana asilimia 62, Uganda 15, sisi 15, Mchina 8. Mganda atakuwa kwetu kama Mkazakh alivyo kwa Mrusi. Mtakapoajiriwa pale, siku moja mtu atakuja na karatasi ya kumfungia jirani, ya halali au ya kisingizio, na nyinyi ndio mtakaoulizwa valvu iko wapi. Ndiyo maana ushabiki wenu ulinisononesha. Kwenye mkataba wa bomba someni ada ya kupitisha pipa moja, someni nani anaruhusiwa kufunga na kwa sababu gani, someni kesi inaamuliwa mahakama ipi.

Ramani yangu ya Baku ninayo bado, imechanika kwenye mikunjo. Jumamosi baada ya alasiri nitaitandaza barazani. Njooni wote, hata wewe uliyeapa juu ya Mchina, na anayeweza kupata mkataba wa Hoima aje nao tuusome kifungu kwa kifungu.

Babu yenu,
Tanga