Mheshimiwa Waziri, damu inaharibika kabla haijatufikia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Kwa heshima zote tunakusalimu. Barua zetu za awali zilipita njia ya kawaida na hazikujibiwa. Hii tunaiweka hadharani, kwa sababu wiki hii tumepokea tena kasha la sampuli za wagonjwa wa saratani ya ini zisizofaa kitu. Plazima (majimaji ya damu) nzuri ina rangi ya manjano iliyofifia. Hii ilikuwa nyekundu kama maji yaliyooshewa nyama: chembe za damu zimepasukia njiani.

Mheshimiwa, saratani hii mara nyingi hutambuliwa kwa picha za CT au MRI, bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe. Kwa hiyo tukitaka kusoma jeni za uvimbe, mara nyingi tegemeo letu ni damu. Humo huelea vipande vya vinasaba vilivyotoka kwenye uvimbe. Kwenye jeni ya TP53, kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249, herufi G ikigeuka T ni dalili kwamba sumukuvu ya mahindi na karanga imeshirikiana na virusi vya homa ya ini B. Hilo linajulikana tangu 1991. Kuna pia mabadiliko kwenye swichi inayowasha jeni ya TERT. Na virusi hivyo vya B hujipachika ndani ya kromosomu za mgonjwa, mara nyingi karibu na TERT hiyohiyo. Kila uvimbe wa namna hiyo una maungio yake ya virusi na kromosomu, hivyo baada ya upasuaji maungio yaleyale yakionekana tena kwenye damu, ni dalili kwamba ugonjwa umerudi. Virusi vya homa ya ini C havijipachiki namna hiyo.

Vipande hivyo ni vichache mno. Damu ikikaa kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) zaidi ya saa 4 hadi 6 bila kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha plazima, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga vinasaba vyake vizima, na kile kidogo cha uvimbe kinamezwa. Majibu yanaandikwa "haikuonekana". Mgonjwa anarudi nyumbani akiamini yu salama. Hilo ndilo linalotunyima usingizi, kuliko hata sampuli iliyokataliwa, maana ile tunaijua kuwa mbovu.

Kinachotakiwa si kigumu. Damu mililita 10, tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, nayo huzuia PCR, njia ya kuzidisha vinasaba ili vipimike. Zungusha kwa 1,600 g (mara 1,600 ya nguvu ya uvutano) dakika 10, nyonya plazima bila kugusa lile tabaka jeupe la katikati, lenye chembe nyeupe; bora uache kidogo juu yake kuliko kulivuta. Zungusha tena kwa 16,000 g dakika 10, gawa kwenye vichupa, hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Damu nzima isigandishwe kamwe. Hospitali isiyo na mashine ya kuzungushia ipewe tyubu zenye dawa ya kutunza chembe, zinazohimili siku kadhaa bila barafu.

Kinyama nacho, kikichukuliwa, kinaharibiwa na fomalini (dawa ya kukihifadhi) isiyo na bafa, yaani kidhibiti cha asidi, au kwa kusahauliwa humo kupita saa 72. Fomalini hugeuza herufi C isomeke T, na badiliko la TERT tunalolitafuta ni C kwenda T. Maabara inaweza kutangaza badiliko lililotengenezwa na chupa.

Hatusemi alama hizi za jeni zichukue nafasi ya ultrasaundi na kipimo cha damu cha AFP kila miezi 6. Hakuna hata moja kati yake ambayo leo inatosha peke yake kuchagua tiba, ingawa uvimbe wenye TP53 iliyoharibika kwa kawaida huenda vibaya zaidi. Kupima wingi wa virusi vya B kunabaki kuwa hatua ya kwanza, na mabadiliko ya virusi vyenyewe, A1762T na G1764A, huonyesha nani yuko hatarini zaidi. Lakini hivyo vyote, Mheshimiwa, huanzia kwenye tyubu.

Mwaka 2016, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali kupunguza vifo vya homa ya ini kwa asilimia 65 ifikapo 2030. Wizara yako nayo iliahidi mashine ya kusoma vinasaba, na imeileta. Tunashukuru kwa dhati. Tunahisi mashine hupangiwa bajeti na idara moja, tyubu na friza na idara nyingine, na hazikai meza moja. Mashine hiyo haiwezi kuisafisha damu iliyokwisha kuharibika.

Ombi letu ni moja: kila hospitali inayochukua damu ya wagonjwa hawa iwe na mashine ya kuzungushia, friza na tyubu sahihi. Kama vyote haviwezekani kwa mara moja, tyubu zitangulie. Tyubu, Mheshimiwa.

Kasha lingine tunalitarajia Jumatatu.

Wako katika utumishi,
Wataalamu wa maabara na kliniki za ini