Mwanangu, usiliamini jivu

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku nilikusikia ukihesabu vigingi vya hema, ukafika mwisho, ukaanza upya. Nikajua safari imeshakuingia mwilini. Hii ni mara ya kwanza unakwenda kulala porini bila mimi: siku tatu, mko wanne, na kutoka mtakapopiga kambi hadi barabarani ni zaidi ya nusu siku kwa miguu. Habari za njia, viatu na maji tumeziongea mpaka umechoka kunisikiliza. Habari za moto sijakwambia zote. Kuna jambo nililolifanya nikiwa na umri kama wako ambalo sijawahi kulisimulia hapa nyumbani, na nimeona niliandike, kwa maana nikilisema kwa mdomo nitalifupisha.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu. Tulikoka moto karibu na shina la mti mkubwa kwa sababu pale palitukinga na upepo. Asubuhi tukachemsha chai, tukaufukia moto kwa udongo, nikaukanyagakanyaga kwa viatu mpaka pakawa tambarare. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Tukaondoka tukiwa na dhamiri safi kabisa.

Tulikuwa tumetembea saa moja na ushee nilipogundua kwamba nimesahau kisu changu. Rafiki yangu akasema tukiache. Nikarudi kwa ajili ya kisu, mwanangu. Moto haukuwamo hata mawazoni mwangu. Pale tulipofukia palikuwa vilevile tulivyopaacha. Lakini hatua tatu pembeni, ardhi ilikuwa inatoa moshi mwembamba, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Nilipochimbua kwa kile kisu nikakuta mzizi mnene kama mkono wangu, mwekundu kwa ndani, unafukuta taratibu kuelekea kwenye rundo la majani makavu. Nilipiga mayowe hadi rafiki yangu akanisikia akarudi mbio. Tulichimba kwa mikono hadi jua likapinduka. Maji tuliyateka kwa sufuria moja, kutoka kijito kilichokuwa mbali, na nimekwisha kusahau tulikwenda mara ngapi.

Msitu ule upo mpaka leo kwa sababu ya kisu. Kwa uangalifu wangu ungekuwa umeteketea. Hilo ndilo linaloniamsha usiku baadhi ya siku, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea. Tulichokiita udongo kilikuwa mboji: majani, vijiti na mizizi iliyooza ikalala tabaka juu ya tabaka. Mboji ikikauka inaungua kama kuni. Moto wake hauna ndimi na mara nyingi moshi wake hauonekani, unatambaa chini kwa siku, hata kwa majuma, kisha unachomoza mahali ambapo hapana mtu, siku yenye upepo. Wahenga walisema penye moshi pana moto, nami nikaishi nikidhani kwamba pasipo moshi moto hakuna.

Na usidhani hayo ni maneno ya mzazi mwoga. Mwaka 2016 huko California, Marekani, watu ambao hawakujulikana waliwasha moto wa kambi mahali palipokatazwa, wakauacha. Ilikuwa tarehe 22 Julai. Moto uliotokana nao, uliopewa jina la Soberanes, haukudhibitiwa kabisa hadi katikati ya Oktoba. Uliunguza zaidi ya hekta 53,000 na nyumba 57, na dereva wa tingatinga aliyekwenda kusaidia kuuzima alifariki kazini. Nimemfikiria sana dereva yule. Mtu aliyeamka, akaenda kazini, akafa kwa sababu ya watu wasiomjua, ambao huenda walitaka tu kuota moto jioni moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuokota kijiti cha kwanza, jiulizeni kama mnauhitaji moto wenyewe. Mmebeba jiko la gesi. Litawapikia haraka zaidi na halitaacha alama ardhini. Nalo lina hatari zake: mwaka 2005 katika hifadhi ya Torres del Paine, nchini Chile, jiko dogo la msafiri mmoja lilipinduka kwenye nyasi kavu, zikaungua zaidi ya hekta 10,000. Liwekeni palipo wazi, penye jiwe bapa au mchanga mtupu, wala msilipe kisogo. Kama hifadhi imetangaza marufuku ya moto, basi mjadala umekwisha, hata mkiwa mmelowa na meno yanagongana. Mkilowa, vaeni nguo kavu mwingie kwenye mifuko ya kulalia. Na hata pasipo marufuku, upepo ukiwa mkali au nyasi zikikatika kama biskuti unapozishika, msiwashe. Hapo sihitaji unipigie simu kuniuliza. Najua hata mtandao hautakuwapo.

Mkipanda juu sana, kule ambako miti inaanza kuwa vichaka, msiwashe pia. Huko mti hukua polepole mno. Kijiti unachokivunja kwa vidole viwili huenda kina umri mkubwa kuliko wako, na kikiungua hakuna kingine cha kurutubisha ardhi ile.

Sasa tuseme mahali panaruhusu na hewa imetulia. Tafuteni jiko la zamani, mahali ambapo wengine walishawasha, mtumie hapohapo. Kuanzisha jipya pembeni ni kuipa ardhi kidonda cha pili. Kama halipo, tafuteni mchanga au changarawe tupu. Chimba kidogo kwa sepeto utazame: ukikutana na rangi nyeusi yenye nyuzinyuzi na mizizi, hapo hapafai, hata pangekuwa pazuri namna gani. Ondoeni majani na nyasi kavu kwenye duara lenye upana wa mita 3, na mtazame juu pia, kwa sababu tawi linaloning'inia huwa hatulioni mpaka cheche zilipande. Msiutegemeze moto kwenye mwamba mkubwa. Masizi hubaki pale miaka na miaka, na jiwe lenyewe hupasuka.

Kuna njia niliyojifunza baada ya kisa kile na ambayo tangu hapo naipenda kuliko zote, ila wengi huiona usumbufu. Unatandika kipande cha turubai kuukuu chini. Juu yake unamwaga mchanga au udongo usio na mboji, labda kutoka kwenye shimo lililoachwa na mti ulioanguka na mizizi yake, au kutoka kwenye kijito kilichokauka, unausawazisha hadi upate kichuguu bapa chenye unene wa sentimita 10 hadi 15, kipana kuliko moto utakaowasha. Moto unaukoka juu ya kichuguu hicho. Asubuhi, ukishazima kila kitu na kila kitu kimepoa, unakunja turubai, unaurudisha mchanga ulikoutoa, na nyasi zilizokuwa chini bado ni za kijani. Mara ya kwanza nilipoinua turubai nikaziona nyasi zile zimelala tu, hazijaungua, nilikaa chini nikazitazama muda mrefu. Nimekuwekea turubai hilo chini kabisa ya mkoba wako.

Mawe msiyatoe mtoni kuyafanya mafiga. Jiwe lililolowa miaka mingi limenywa maji ndani ya nyufa zake, na maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi takriban mara 1,700 ya ile ya mwanzo. Yasipopata njia ya kutokea, jiwe hulipuka, na vipande vyake huruka kwenye macho.

Kuni ziwe zilizokufa na kuanguka zenyewe, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono wako, na zivunjike kwa mkono bila panga. Kijiti kikijipinda bila kukatika, kiache, bado kina unyevu au bado kina uhai. Mti uliokauka ukiwa umesimama ni nyumba ya ndege, na gogo kubwa lililolala ni nyumba ya wadudu na kuvu; tena gogo haliishi usiku mmoja, mtaliacha nusu, na nusu hiyo ndiyo inayofukuta. Okoteni kwa kutawanyika, mbali na kambi, kimoja hapa kingine kule, pasionekane pametafutwa. Msibebe kuni kutoka nyumbani. Kuna mende mdogo wa kijani mwenye asili ya Asia aliyegunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002; ameua mamilioni ya miti, na njia moja aliyosafiria ni kuni za watu waliokwenda kupiga kambi.

Moto uwe mdogo. Unaoweza kuusogelea ukakaa karibu unapasha watu wanne vizuri kuliko ule unaowafukuza nyuma hatua tano. Petroli isiguse moto wala kuni, hata tone, maana mvuke wake ndio unaowaka na unakufikia kabla hujautupa mkono nyuma. Taka zenu rudini nazo: karatasi za alumini haziungui, huvunjikavunjika tu zikabaki kwenye jivu, plastiki itawapa moshi wa sumu, na mabaki ya chakula yatawaita wanyama.

Na hili nisikilize kama hujawahi kunisikiliza. Baridi ikizidi usiku, atatokea mmoja atakayesema tuingize makaa kidogo hemani, au tuwashe jiko humo ndani dakika tano. Kataa. Gombana naye ikibidi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Unasinzia vizuri kabisa na huamki. Afadhali mrudi nyumbani hamsemezani.

Ulipokuwa na miaka sita, usiku wetu wa kwanza kambini, uliniuliza: "Moto unalala saa ngapi?" Nilikujibu kwamba unalala tukilala sisi. Ulifurahi ukafumba macho. Jibu lile lilikuwa baya, na nalifuta leo. Moto unalala kabla yetu, na sisi ndio tunaoulaza. Msiingie hemani makaa yakiwa mekundu mkitumaini yatajifia.

Anzeni mapema, saa nzima kabla ya kulala au kuondoka. Acheni kuongeza kuni, vijiti viungue hadi viwe jivu jeupe. Mwageni maji kidogo kidogo, mkiwa mmesimama upande upepo unakotoka, kwa kuwa mvuke wa mwanzo unachoma kama maji ya moto. Koroga kwa kijiti. Mwaga tena. Mawe yageuzeni, chini yake ndiko makaa hujificha. Zikiacha kulia zile sauti za tsss, bado hamjamaliza. Korogeni mpaka pawe uji mzito usio na kipande kikavu. Kisha pitisha nyuma ya kiganja juu yake, bila kugusa. Ukihisi joto lolote, rudi kwenye maji. Usipohisi, tia vidole. Vidole vyenyewe, ndani ya jivu, katikati na pembeni, na kwenye ardhi iliyolizunguka. Likiwa baridi kama ardhi ya mahali pengine, ndipo moto umelala.

Udongo msiutumie kama nilivyoutumia mimi. Udongo ni blanketi, makaa yaliyofukiwa hutunza joto saa nyingi, na juu hapaonekani kitu. Hata mchangani ni vivyo hivyo: watoto huungua nyayo asubuhi kwenye moto ambao mtu aliufukia jana yake akaenda zake. Kama maji ya kuuzimia hamnayo kando yenu kabla ya kuuwasha, basi usiku huo hamna moto.

Jambo moja zaidi, ambalo nililijua kwa rafiki yangu na mimi. Kila mmoja wetu aliamini mwenzake ameukagua. Mkiwa wanne itakuwa mbaya zaidi. Kila jioni mtajeni mmoja kwa jina, moto wa leo ni wa fulani, na huyo ndiye wa mwisho kuingia hemani. Jioni ya kwanza jitaje wewe. Sikuambii hivyo kwa sababu siwaamini wenzako. Nimewaona, ni watoto wazuri. Nakuambia kwa sababu atakayeanza ndiye atakayeigwa.

Kila kitu kikishapoa, jivu litawanyeni mbali na kambi, vijiti vilivyobaki vitupeni kule mlikoviokota. Anayefuata apite asijue kwamba mlilala pale.

Ndoo ya kukunja iko kwenye mfuko wa pembeni, kulia. Kisu nimekifunga kwa kamba kwenye mkoba; ni kilekile. Siku utakayorudi nitakuwa nimesimama barabarani tangu mchana, na kabla sijakuuliza lolote nitaomba unipe mikono yako nizitazame kucha.

Mzazi wako akupendaye.