Mhariri, kapla ya treni ndogo haigundishwi

Mhariri, salamu nyingi toka Ngamiani. Gazeti lenu nalisoma siku nyingi na barua sijawahi kuandika hata moja, ila Jumamosi ile mlipomjibu yule kijana aliyeuliza mbona kichwa chake cha treni ndogo ya kuchezea hakishiki mabehewa aliyoletewa na shangazi yake, nikaona nikinyamaza watu wataharibu vitu. Mlimwambia aichonge kidogo ile kapla, yaani ndoano ya kuungia mabehewa, halafu aibandike kwa supaglu. Jamani, supaglu hapana.

Nasema hivi maana yamenikuta. Mpwa wangu baharia, mwaka juzi kaniletea kichwa kimoja cha zamani toka Hamburg, kidogo ukikifumbata hakionekani, halafu mabehewa manne nikayapata kwa mtu mwingine, hayo ya Kimarekani. Kuyaweka kwenye reli, hayajuani kabisa, yanagongana tu kama mbuzi. Nikampelekea fundi mmoja wa mjini, simtaji, simu anatengeneza vizuri tu, naye akatia hiyo gundi yenu. Ikachuruzika ikaingia kwenye bogi, kile kitoroli cha magurudumu chini yake, ekseli ikaganda na gia zikaganda, na kichwa kiko kabatini mpaka leo kama pambo, wageni wanakisifia na mimi roho inaniuma. Nacheza na kingine sasa hivi.

Sasa tatizo lenyewe si ubovu, ni vitu viwili visivyo vya ukoo mmoja. Treni hizi ni skeli ya N, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 160, upana wa reli milimita 9. (Wa Tanga msije mkadhani ni reli yetu hiyo, yetu ni ya mita moja, ukiipunguza mara 160 inabaki milimita 6 na robo, wanaotengeneza treni za reli ya mita moja kwa skeli hii wanaazima reli ya skeli ndogo zaidi, ile ya Z, yenye milimita 6 na nusu.) Vichwa vya zamani vya Ulaya vina ndoano inaitwa Rapido, iliyoileta ni kampuni ya Arnold ya Ujerumani miaka ya 1960 na watengenezaji wengi wakaifuata. Ni kama kikulabu cha pembe nne, kikisukumwa kinampanda mwenzake kinaangukia kinang'ang'ana. Kushika kinashika kweli, sina ugomvi nacho hapo, ila ni kikubwa kuliko treni yenyewe na ukitaka kulitoa behewa lazima ulinyanyue kwa mkono. Yale ya Kimarekani, hasa ya kampuni ya Micro-Trains, yana kapla ya ngumi, umbo kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa vikakamatana.

Hiyo ngumi hawajaibuni kwa ajili ya kuchezea. Imetoka kwa Mmarekani Eli Janney, aliyepewa hati miliki mwaka 1873, maana kabla ya hapo mabehewa yalifungwa kwa kiungo na pini na mtu alikuwa anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokuja kuiingiza hiyo pini, wengi wakaacha vidole vyao pale na wengine wakaacha roho. Sheria ya kulazimisha kapla za kujifunga zenyewe Marekani ilipita 1893. Na mwaka huo huo 1893 ndio Wajerumani walianza kulaza reli hapa kwetu Tanga kuelekea Muheza! Mimi hilo nikilikumbuka nasimama kazi, nakaa namtazama huyu mdudu wa plastiki kwenye kibano.

Haya, turudi kwa kijana. Asiguse kichwa kwanza. Achukue behewa moja tu, mbele liwe na Rapido, nyuma liwe na ngumi, basi, hilo behewa ndio litakuwa mkalimani, linafuata kichwa kwa kulabu na huko nyuma linavuta yale mengine kwa ngumi. Kwa mtu mwenye kichwa kimoja hapo kazi imekwisha, hakuna sababu ya kupasua injini nzima.

Kama bado ana hamu ya kukibadilisha na kichwa, akigeuze achungulie chini. Vichwa vipya vya Ulaya vingi vina kimfuko kinaitwa NEM 355, kapla unaivuta inatoka unachomeka nyingine, dakika moja. Vile vya zamani havina, ile Rapido imekaa ndani ya kiboksi na nyuma yake kuna springi, na hiyo springi Mhariri ndio shughuli yenyewe. Unene wake kama unywele. Ukiilegeza kapla, springi inaruka, huisikii, huioni, imeenda. Siku ya kwanza nilifungua nimekaa barazani, upepo wa kusi unavuma na feni nimewasha juu, ujinga wangu mwenyewe, nikatambaa sakafuni toka alasiri mpaka magharibi na sumaku ya spika kuukuu mkononi, mke wangu anauliza baba watoto umepoteza pete? Kumbe springi yangu ilikuwa ya shaba, sumaku haiijui. Sasa hivi naingiza kila kitu ndani ya mfuko wa nailoni mweupe unaoonyesha, mikono miwili na kibano humo humo, ikiruka inaishia mfukoni. Au unapitisha uzi katikati ya springi kabla hujaanza.

Ukishaitia ngumi mahali pa Rapido, kazi haijaisha, watu wengi hapa ndio wanaposhindwa. Ngumi zote lazima ziwe kimo kimoja, moja ikiwa juu kidogo itafunga vizuri mezani halafu njiani penye mwinamo zinapitana mabehewa yanabaki nyuma. Weka kichwa na behewa kwenye reli iliyonyooka uinamishe jicho usawa wa meza uangalie. Na ule waya mdogo unaoning'inia chini ya kapla usiukate ukidhani ni takataka, huo ndio unaovutwa na sumaku ya chini ya reli ili ngumi zifunguke zenyewe, ila ukishuka mno unanasa kwenye njia panda, uupandishe kidogo kwa koleo. Grisi usiweke, wala mafuta ya cherehani, vumbi litaganda humo. Unga wa penseli kidogo unatosha.

Kero moja ya hizi ngumi niiseme, zina springi kwa hiyo mabehewa yakiwa mepesi yanachezacheza mbele nyuma kama yamelewa. Dawa yake behewa la mwisho lizuiwe kidogo, mimi nimebana ekseli moja kwa kisponji kidogo, limetulia.

Naomba Mhariri mlitoe jibu jipya kwa yule kijana kabla hajachonga. Na kama supaglu ameshaipaka mwambieni asikimbilie ile dawa ya dada zake ya kutolea rangi ya kucha, gundi inaila kweli lakini na plastiki inaila.

Msomaji wenu,
Barabara za namba, Ngamiani, Tanga