YAH: KUFUNGIWA VING'AMUZI OVYO NA KUDHALILISHWA KWA MZAZI WANGU

Chumbageni, Tanga

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipia ving'amuzi vitatu: kikuu sebuleni, cha pili chumbani kwa mama yangu mzazi, cha tatu kwa watoto. Kumbukumbu za malipo mnazo na masharti mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuwakumbusha.

Fundi wenu alishusha waya mmoja tu kutoka kwenye dishi, akaugawa juu ya dari kwa splita ya antena za kawaida, akasema kazi imekwisha. Tangu hapo, sebuleni wakibadilisha chaneli, kwa mama kioo kinaandika hakuna mawimbi. Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenionyesha tatizo. King'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya ili kichwa cha dishi kijue kilete mawimbi ya wima au ya mlalo. Viwili vikiagiza tofauti kwenye waya mmoja, kimoja lazima kikose. Ilitakiwa kichwa chenye matundu manne, na kila king'amuzi kishushiwe waya wake. Kijana asiye na hata duka analijua hilo. Ninyi mnaotukata pesa za kifurushi kila mwezi mnashindwaje?

Lakini waya si kitu kilichoniuma zaidi.

Mama yangu ana kiharusi, hatoki kitandani. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo mazungumzo yake na dunia. Fundi wenu aliporudi, baada ya kubembelezwa sana kwa simu, aliingia chumbani kwake na viatu, wala hakumwamkia. Nilipomwuliza picha itarudi lini, alijibu mama akisikia: "Bibi mwenyewe haoni vizuri, TV ya nini?"

Ofisini kwenu niliambiwa huyo si mwajiriwa wenu, ni wa wakala. Ndugu Meneja, alikuja amevaa fulana yenye nembo yenu, na pesa nililipa kwenu. Wakala nitamjulia wapi mimi? Kabla ya hapo mvua ilishanyesha na maji yakaingia kwenye waya, maana kwenye paa ameunga waya kwa kusokota na kuzungushia selotepu, bila kiungio. Tulipoifungua, shaba ya katikati ilikuwa imeshageuka kijani. Matundu aliyotoboa kwenye bati hakuyaziba, na dari ya chumba cha watoto sasa ina doa la maji.

Narudia suala la mama, kwa sababu naona kwenye simu zenu mnaliruka kila mara. Alipomwona fundi mlangoni alimwambia, "Karibu mwanangu," akaagiza aletewe maji ya kunywa. Huyo mwanangu akapita juu ya mkeka wake wa kuswalia na viatu vyenye tope. Rimoti mkononi, hamtazami, akasema, "Bibi mwenyewe haoni vizuri, TV ya nini?" Mama hakujibu. Aligeuza uso ukutani. Tangu siku hiyo hataki TV iwashwe chumbani kwake, anasema tusijisumbue kwa ajili yake.

Mwanzoni nilitaka mje mfunge upya tu, kila chumba na waya wake, na mzibe bati. Hilo bado nalitaka, tena kwa gharama zenu. Nataka pia kurudishiwa ada ya miezi yote ambayo ving'amuzi viwili vilikaa bila picha, na dari ipakwe rangi. Zaidi ya yote, aliyesema maneno yale aje na msimamizi wake, avue viatu mlangoni, amwamkie mama na kumwomba radhi. Ujumbe wa simu wa "tunasikitika kwa usumbufu" siupokei.

Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii, risiti na picha za ule waya vitafika Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Tume ya Ushindani, na dishi lenu nitalishusha mwenyewe niwaletee hadi kwenye kaunta, mbele ya wateja wengine, nami nitawaeleza kwa nini nimelileta.

Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mteja